Lacock, Avebury au Eyam? Mgeni kaomba kuona kijiji cha Waingereza, umpeleke wapi

Mama alipokuja kunitembelea, siku ya nne tu akaniuliza, "Hivi hawa Wazungu hawana kijijini kwao?" Maana kila nilipompeleka ilikuwa mjini, maduka, treni, watu wanakimbizana na saa. Nikamwambia wanavyo, tena vingi. Akasema basi nipeleke nikaone na ng'ombe zao. Hapo ndo nikaanza kuumiza kichwa, maana ukiuliza kwenye grupu la WhatsApp kila mtu anakutajia chake, huyu anatuma picha ya nyumba zenye maua, huyu anasema nenda kwenye mawe, mwingine anakwambia popote tu vyote vinafanana. Havifanani. Tangu hapo nishapeleka wageni kibao, mama, shemeji na watoto wake watatu, rafiki yangu mmoja aliyekuja kusoma, na nishakosea pia, nikampeleka mtu wa kukaa kivulini kwenye upepo na watoto wa kukimbia kwenye makumbusho, kwa hiyo naandika hapa usirudie yangu.

Nimechagua vitatu nilivyoenda zaidi ya mara moja. Lacock na Avebury viko Wiltshire, kusini magharibi ya Uingereza. Eyam iko Derbyshire, juu kwenye vilima vya Peak District, karibu na Sheffield. Matamshi kwanza maana dereva wa basi hatakuelewa: Lacock ni "Leikok", Avebury ni "Eivbri", na Eyam, jamani, ni "Iim" tu, silabi moja basi. Mimi nilisema "Eyamu" kwa kujiamini kabisa mpaka mama mmoja wa Kiingereza akanihurumia.

Mtauliza mbona sijaweka Castle Combe, kile kijiji cha mawe rangi ya asali ambacho kiko kwenye kila kalenda. Ni kizuri kweli, picha zake hazidanganyi, ila ukishapiga selfi darajani ukaona na kanisa umemaliza, na wenyewe wanaoishi pale wameshachoka na drone za watu. Mkiwa na gari piteni. Kumfungia mgeni safari ya siku nzima kwa ajili yake mi siwezi.

Navipima kwa nini

Kabla ya kuchagua jiulize mambo matano. Kuna nini hasa cha kuona, na hicho kitu kina stori ambayo mgeni wako ataielewa bila kusoma vibao ishirini? Utafikaje kama huna gari? Miguu ya unaowapeleka ikoje, maana kijiji hakina teksi inayozunguka wala bodaboda wala hiyo stendi unayoijua wewe. Hela inaenda wapi. Na la mwisho, mvua ikinyesha mtajificha wapi, maana itanyesha.

Cha kuona: hapa ndo penye tofauti

Lacock ni kijiji ambacho ukiingia unahisi kuna mtu kaondoa miaka mia mbili. Mitaa mikuu minne tu, inazunguka kama mraba, nyumba za mbao na za mawe zimeegemeana, nyingine zimepinda kabisa kama mzee anayesikiliza, na huoni nguzo za umeme wala madishi. Sababu yake ni kwamba karibu kijiji kizima ni mali ya National Trust, lile shirika linalotunza majumba na ardhi za kale. Mwaka 1944 Matilda Talbot, aliyekuwa amerithi, alikabidhi jumba kubwa na kijiji chote kwa shirika, na wanaokaa mle wengi ni wapangaji tu. Kwa hiyo si mandhari ya sinema, kuna watu wamo ndani wanapika, kwenye madirisha unaona na paka.

Lile jumba kubwa lilianza kama nyumba ya watawa wa kike. Aliyeianzisha ni mwanamke anaitwa Ela, mrithi wa ukuu wa Salisbury, mwaka 1232, baada ya kufiwa na mumewe William Longespée ambaye alikuwa ndugu wa baba mmoja na mfalme John. Ela hakuishia kutoa hela, aliingia mwenyewe akawa mkuu wa watawa. Miaka mia tatu baadaye mfalme Henry VIII akafunga nyumba za watawa nchi nzima, hii nayo ikauzwa kwa tajiri mmoja akaigeuza nyumba yake ya kuishi, ila ile veranda ya mawe inayozunguka ua wa watawa hakuibomoa, ipo mpaka leo. Watoto wa shemeji walipoiona tu wakapiga kelele, maana ndo ilitumika kwenye zile sinema za mtoto mchawi mwenye miwani.

Lakini kitu cha Lacock kwangu mimi ni dirisha. Dirisha moja dogo lililotokeza ukutani upande wa kusini. Agosti 1835 mwenye nyumba, William Henry Fox Talbot, alilipiga picha kwa kiboksi cha mbao, vile viboksi vyake mkewe Constance alikuwa anaviita mitego ya panya, na ile karatasi iliyotoka ndiyo negativu ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Ndogo, karibu kama stempu. Mwenyewe aliandika kwamba mwanzoni ukichukua lenzi uliweza kuhesabu vioo vya dirisha, kama 200 hivi. Sasa wewe kama umekua enzi za studio, unapewa picha kwenye bahasha na negativu pembeni unaambiwa utunze usije ukazipoteza, ujue ule ujanja wa kutoa picha nyingi kutoka kwenye negativu moja ulianzia hapa. Mama aliposimama mbele ya lile dirisha alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema picha ya harusi yake negativu yake ilibaki kwa mpigapicha na mpigapicha alihama. Sikutegemea. Kuna makumbusho ya mambo ya picha pale pale getini, ipitie kabla hujaingia ndani ili dirisha lisikupite kama dirisha la kawaida.

Kijijini kwenyewe tafuta ghala la zaka, jengo refu la karne ya 14 ambako wakulima walipeleka fungu la kumi la nafaka, sufu na ngozi kwa watawa, na pembeni yake kuna kiselo cha mawe kama kichuguu kisicho na dirisha, walikuwa wanafungiwa walevi humo mpaka pombe iishe. Na baa ya George ina gurudumu ukutani alilokuwa anakimbizwa mbwa ili nyama igeuke kwenye moto. Mbwa huyo kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Avebury ni kitu kingine kabisa. Hapa kijiji kimekaa ndani ya mduara wa mawe. Namaanisha ndani, barabara ya lami inakatiza, kuna baa katikati, kuna nyumba za watu, na pande zote kumezungukwa na mawe makubwa ya kijivu yaliyosimamishwa kati ya mwaka 2850 na 2200 hivi kabla ya Kristo. Mduara wa nje ndio mkubwa kuliko wote wa aina yake duniani, mapana yake ni zaidi ya mita 300, na mwanzoni ulikuwa na mawe kama mia moja. Nje ya mawe kuna handaki, na nje ya handaki kuna tuta. Handaki lilipochimbwa lilikuwa na kina cha karibu mita 9 kwenye mwamba wa chokaa, na zana zao zilikuwa pembe za paa. Pembe! Jiwe moja lililo kando ya barabara upande wa kaskazini lina tani kama 60, halijawahi kuanguka, na wenyeji wana hadithi kwamba usiku wa manane linavuka barabara.

Ukiona mapengo ujue ni kazi ya binadamu. Zama za kati waliyafukia baadhi ya mawe, na karne ya 17 na 18 wakaanza kuyavunja wajengee nyumba, wanawasha moto wa majani kando ya jiwe, likipata moto wanalimwagia maji ya baridi halafu nyundo. Mtafiti William Stukeley aliyekuwa anachora mawe yale miaka ya 1720 alimwita mvunjaji mmoja "muuaji wa mawe", na ukiangalia vizuri kuta za nyumba za pale unaona vipande vyenyewe. Miaka ya 1930 akaja Alexander Keiller, tajiri wa familia iliyotajirika kwa jamu ya machungwa ya Dundee, akanunua eneo, akafukua mawe yaliyofukiwa akayasimamisha, na palipokosekana jiwe kabisa akaweka kiguzo cha zege. Chini ya jiwe moja, mwaka 1938, wakakuta mifupa ya mtu mwenye mkasi na sarafu za karne ya 14, wakamwita kinyozi, maana zamani huko kinyozi ndo aliyekuwa anapasua na majipu. Jiwe lenyewe sasa linaitwa hivyo hivyo, jiwe la kinyozi.

Na hapo hujatoka kijijini. Ukitembea kidogo kuna kilima cha Silbury, ambacho si kilima, ni watu wamekijenga kwa udongo wa chokaa kama mwaka 2400 kabla ya Kristo, kina urefu wa mita 30 na ushee, watu wamekichimba mara kadhaa kutafuta kaburi la mfalme au dhahabu na hawajakuta kaburi lolote. Kukipanda hairuhusiwi. Ng'ambo ya barabara kuu kuna kaburi refu la West Kennet, la zamani kuliko mawe yenyewe, la mwaka 3650 hivi kabla ya Kristo, hilo unaingia kabisa ndani, giza, baridi, walizikwa humo watu wasiopungua 36. Shemeji aligoma kuingia. Alisema makaburi ya watu hayachezewi, akabaki nje na mkoba wangu.

Eyam sasa. Ukifika utaona kijiji cha kawaida cha mawe, maua, duka la chai, na utajiuliza umekuja kufanya nini. Halafu unaanza kuona vibao vya kijani mbele ya nyumba. Unasoma kimoja. Majina ya familia moja, tarehe zinafuatana.

Mwishoni mwa Agosti 1665 fundi cherehani wa pale aliletewa vitambaa kutoka London, vikawa na unyevu, msaidizi wake George Viccars akavitandaza karibu na moto vikauke. Vilikuwa na viroboto wa tauni. Baada ya siku chache Viccars akafa, ikafuata ile nyumba, ikafuata jirani. Ilipofika Juni 1666 kasisi kijana William Mompesson, akishirikiana na Thomas Stanley aliyekuwa kasisi kabla yake na ambaye hawakuwa wanaiva kabisa, wakawaomba wanakijiji kitu kigumu: wajifungie, mtu asitoke, ili ugonjwa usiende vijiji vingine. Wakakubali. Ibada zikahamia nje bondeni ili watu wakae mbalimbali, kila familia ikazika wa kwake, na kwenye mpaka wa kijiji kukawekwa jiwe lenye matundu sita ambamo walitumbukiza sarafu kwenye siki, wa nje wanaweka chakula wanachukua hela. Lile jiwe lipo, matundu yake yamelainika kwa kushikwa na vidole vya watu. Tauni ikaisha Novemba 1666, miezi 14 jumla, hesabu inayotajwa ni waliokufa 260. Zamani wengi walisema kijiji kilikuwa na watu 350 tu, uchambuzi wa baadaye ukasema walikuwa karibu mara mbili ya hapo. Vyovyote iwavyo hakuna nyumba isiyomjua marehemu.

Mke wa Mompesson, Catherine, kaburi lake liko uani kwa kanisa, alifariki Agosti 1666, na kaburi hilo liko karibu na msalaba wa mawe wa karne ya 8 ambao uliona yote hayo. Ila panapouma ni nje kidogo ya kijiji, shambani, panaitwa makaburi ya Riley. Kizingo kidogo cha mawe cha duara, ndani makaburi saba. Elizabeth Hancock alimzika hapo mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, peke yake, mwenyewe hakuugua. Mimi niliwahi kukaa karantini siku 14 kwenye chumba chenye intaneti na friji nikalalamika kama nimefungwa Ukonga, nilisimama pale nikaona aibu kidogo.

Kufika bila gari

Lacock ni rahisi: treni kutoka London Paddington mpaka Chippenham ni saa moja na kitu, halafu basi kama robo saa. Avebury unashuka Swindon, unachukua basi, linakushusha kabisa katikati ya mawe, mimi sijui kijiji kingine ambacho basi linakushusha ndani ya kitu chenyewe ulichokuja kuona. Eyam unaanzia Sheffield kwa basi, njia ni milima na kona, mwenye kichefuchefu akae mbele. Kuna kituo cha treni cha Grindleford si mbali sana ila kutoka pale ni kutembea kwa kupandisha, watu wa mazoezi tu.

Kwa vyote vitatu usiende Jumapili bila kuangalia ratiba. Mabasi ya vijijini hupungua na la mwisho linaondoka mapema kuliko akili ya mtu wa mjini inavyotegemea. Mimi siku moja tulilikosa kwa dakika mbili, nilikuwa na mgeni ambaye alikuwa anamalizia tu keki, tukakaa kituoni saa nzima na dakika zake tukitazamana. Keki hiyo mpaka leo tunaisema.

Mwenye gari Lacock na Avebury zimeachana kama nusu saa hivi, unaweza kuzibeba zote siku moja ukianza asubuhi. Eyam na hizo mbili usijaribu kabisa.

Miguu, magurudumu na mvua

Kwa mzee au mwenye kitoto cha kusukuma, Lacock inashinda kirahisi kwenye kipengele hiki, ni tambarare, ndogo, na mvua ikija unaingia kwenye jumba, makumbusho, kanisa, duka la keki. Tahadhari moja tu, njia zina mawe ya kale hayako sawasawa, na vyumba vya juu vina ngazi.

Avebury ni majani, na majani ya Uingereza kuanzia Oktoba ni tope. Mduara wenyewe una mageti na mzee anaweza kutembea robo yake akatosheka, lakini juu ya tuta kunateleza, na upepo wa pale hauna mahali pa kuukimbia. Viatu vya harusini acha nyumbani. Kuna makumbusho ndani ya zizi na ghala la zamani, mvua ikizidi ndo kimbilio. Watoto lakini, watoto wanapapenda kupita kiasi, maana mawe unayashika, unayaegemea, unajificha nyuma yake, hakuna kamba, hakuna mlinzi wa kukupigia filimbi. Walioenda Stonehenge, ule mduara mwingine maarufu wa mawe, wakasimamishwa mbali wataelewa ninachosema.

Eyam ina kupanda. Mtaa mkuu si mbaya, kanisa na nyumba za tauni zimefuatana karibu karibu, mama alizimudu na fimbo yake. Jiwe la matundu na makaburi ya Riley ni kutembea nje ya kijiji, njia za shamba, na ni huko ndo stori inapokamilika, kwa hiyo mgeni asiyeweza kutembea atapata nusu. Baridi ya kule juu si ya mchezo hata mwezi wa tano.

Hela

Avebury ndiyo nafuu, mawe hayana kiingilio, Silbury unaangalia bure, kaburi refu bure, unalipia kupaki na makumbusho ukitaka. Lacock kutembea mitaani ni bure ila jumba lina tiketi, na bila jumba umekosa dirisha na veranda, yaani umeenda arusi hukula. Ukiwa na kadi ya uanachama ya National Trust jumba la Lacock na kupaki Avebury vyote vinaingia humo, kwa hiyo familia inayotembea sana hesabu yake inakuwa tofauti na ya anayekuja mara moja. Eyam kanisani kuna kiboksi cha sadaka, makumbusho ya kijiji yana kiingilio kidogo, na wanafunga msimu wa baridi, angalia tarehe kabla.

Msosi: vyote vina baa na chai, bei za watalii. Wanaokula halali tu, au wasiotaka kuingia baa, kiazi cha kuokwa na maharage au jibini kinapatikana sana. Sisi tunabeba pilau kwenye kontena na chai kwenye chupa, tunakula kwenye benchi, Mpare hawezi kukubali kulipa paundi kadhaa kwa mkate wenye krimu wakati chapati ziko kwenye mkoba.

Watu wa pale na hali ya hewa ya moyo

Hiki sikukiweka kwenye vipimo vyangu vitano ila kina uzito. Lacock wikiendi ya kiangazi inajaa, na ukisahau unajikuta unachungulia dirishani kwa mtu anakunywa uji wake. Avebury ni kubwa kiasi kwamba hata watu wakijaa kila mmoja anapata jiwe lake, isipokuwa siku ndefu kuliko zote mwezi wa sita, wanakuja waabudu jua na ngoma zao, kama mgeni wako ni mlokole sana mwambie mapema au chagua siku nyingine. Eyam watu wanaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa, na Jumapili ya mwisho ya Agosti huwa na ibada ya kuwakumbuka waliokufa, siku nzuri ya kwenda kama unataka kuona kijiji kinachokumbuka wafu wake, siku mbaya kama unataka parkingi.

Sasa chagua kwa hali yako

Una mgeni mzee, au mvua imetabiriwa, au mnataka picha za kutuma nyumbani watu waseme "kumbe Ulaya ndo hivi": Lacock, na lipieni jumba. Hata aliyewahi kufanya kazi studio au mtoto anayependa kamera mpeleke hapo kabla ya kwingine kokote.

Una watoto wenye nguvu za ziada na bajeti imebana, au mgeni ni mtu wa kuuliza "waliwezaje?": Avebury, na vaeni mabuti. Mkiwa na gari ongezeni Lacock mchana, anza na mawe asubuhi kukiwa kimya halafu dirisha, si kinyume, maana baada ya keki hakuna atakayepanda tuta.

Unakaa Sheffield, Manchester, Leeds au Nottingham, usijitese kushuka Wiltshire, Eyam iko jirani yako. Hata ukiwa mbali, kama mgeni wako ni mtu wa stori, muuguzi, mchungaji, mwalimu wa historia, mtu wa kanisani anayependa kujua watu walisimamaje kwenye shida, Eyam ndiyo atakayoisimulia akirudi. Ila kama katoka kufiwa karibuni, subiri kidogo. Rafiki yangu nilimpeleka miezi miwili baada ya msiba wao, alifika kwenye makaburi ya Riley akakaa chini kwenye majani, tukarudi kimya njia nzima. Lilikuwa kosa langu.

Januari na makumbusho yamefungwa, mawe ya Avebury hayafungwi.

Na kama mgeni wako ni kama mama, kashikilia kwamba kijiji bila mifugo si kijiji, basi hapo tena ni Avebury, wanakula majani katikati ya mawe yale bila wasiwasi wowote. Ila ni kondoo. Ng'ombe wake mpaka leo ananidai.